Kusafisha utumbo mpana: je, kweli tumbo lina uchafu wa miaka?

Ukienda mnadani siku hizi, karibu na wauza mitumba na wauza mbegu, hukosi kukuta meza ya dawa na spika inayonadi. Maneno yanafanana kila mahali: kila mtu mzima amebeba kilo kadhaa za uchafu ulioganda kwenye utumbo mpana, na uchafu huo ndio chanzo cha kitambi, gesi, uchovu, chunusi, maumivu ya mgongo na hata kupungua kwa nguvu za kiume. Dawa ipo, chupa moja au pakiti ya unga, na mteja anaahidiwa kwamba ataona mwenyewe kitakachotoka.

Katika kipindi chetu cha afya tumekuwa tukipokea ujumbe mwingi kuhusu jambo hili. Wapo wanaouliza kama ni kweli, wapo wanaotaka kujua dawa ipi ni nzuri, na wapo waliokwisha kunywa wakashinda chooni siku nzima. Hewani muda ni mfupi, kwa hiyo tumeandika maelezo haya ili usome taratibu, na umsomee asiyeweza kusoma.

Jibu la mkato ni hili. Utumbo wa mtu mwenye afya hauhitaji kusafishwa kwa dawa, kwa sababu unajisafisha wenyewe kila siku. Choo kigumu ni tatizo la kweli na lina tiba, tena nyingi zipo jikoni kwako. Lakini mtu mwenye dalili za hatari anayeendelea kununua dawa za kusafisha tumbo anapoteza muda ambao angeutumia kupona.

Utumbo mpana unafanya kazi gani?

Chakula kikitoka tumboni huingia kwenye utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6. Humo ndimo mwili unapochukua sehemu kubwa ya virutubisho. Kinachobaki, kikiwa bado majimaji kama uji, huingia kwenye utumbo mpana wenye urefu wa karibu mita moja na nusu.

Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kunyonya maji na chumvichumvi, kisha kuyasukuma mabaki hadi nje. Mabaki yakipita haraka mno, maji hayanyonywi vya kutosha na mtu anaharisha. Yakikaa muda mrefu, maji hunyonywa kupita kiasi na choo kinakuwa kigumu kama gololi. Kwa kawaida, safari yote kutoka mdomoni hadi chooni huchukua siku moja hadi tatu.

Ndani ya utumbo huo wanaishi bakteria wasiohesabika. Wengi wao si maadui. Hula nyuzinyuzi za mboga na nafaka ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na kutokana nazo hutengeneza vitu vinavyolisha kuta za utumbo wenyewe. Kuwaona bakteria wote hao kuwa ni uchafu wa kuoshwa ni kama kuita mbolea ya shamba takataka.

Na sumu je? Kazi ya kuondoa sumu mwilini hufanywa zaidi na ini na figo, usiku na mchana. Utumbo hautumiki kama ghala la kuzihifadhi.

Je, kuna uchafu unaoganda kwa miaka?

Hapana. Utando wa ndani ya utumbo hujibadilisha kila baada ya siku chache. Seli za zamani hubanduka na kutoka pamoja na kinyesi, mpya zinachukua nafasi. Juu yake kuna ute unaoteleza. Ukuta wa namna hiyo haushiki uchafu kama sufuria linavyoshika ukoko.

Tena hili halihitaji kubishaniwa, kwa sababu utumbo unaonekana. Madaktari wa upasuaji huufungua, na kipo kipimo cha kamera ndogo inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa kuuangalia utumbo mpana wote. Hawakuti tabaka la uchafu wa miaka. Ni kweli kwamba kabla ya kipimo hicho mgonjwa hupewa dawa ya kuharisha. Hiyo ni kwa sababu kamera haiwezi kuona vizuri kinyesi kikiwepo, kama vile usivyoweza kuona chini ya maji ya tope. Haitolewi kumwondolea sumu.

Basi vile vitu virefu vyenye utelezi ambavyo watu huviona baada ya kunywa dawa ni nini? Baadhi ya dawa hizo zina udongo laini au maganda ya mbegu yanayovimba yakikutana na maji na kuwa kama ute mzito. Vikitoka, vina umbo la utumbo vilimopita. Mara nyingi unachokiona chooni ni ile dawa uliyoinunua, ikichanganyika na ute wa kawaida.

Na kilo zilizopungua kwenye mzani? Hayo ni maji na kinyesi cha siku hiyo. Mafuta ya kitambi hayatoki kwa kuharisha. Ukila na kunywa siku mbili, kilo hurudi.

Wazo hili lilitoka wapi?

Si jambo jipya, na halikuanzia minadani kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba kinyesi kikichelewa tumboni hutoa sumu inayoingia kwenye damu na kuleta maradhi ya kila aina. Huko Michigan, Marekani, daktari John Harvey Kellogg aliwaosha utumbo kwa maji wagonjwa wake. London, daktari wa upasuaji William Arbuthnot Lane alifika hatua ya kuwakata watu utumbo mpana kwa sababu tu ya kukosa choo. Baadhi yao walipoteza maisha.

Mwaka 1919 daktari Walter Alvarez aliandika kupinga imani hiyo katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Hoja yake ni nyepesi, hata wewe unaweza kuipima. Mtu aliyefunga choo husikia kichwa kizito na mwili kuchoka, lakini akishapata choo hupata nafuu papo hapo. Kama ingekuwa ni sumu iliyoenea kwenye damu, isingeisha kwa dakika chache. Kinachomsumbua ni utumbo uliojaa na kutanuka. Ukipungua mzigo, mwili unatulia.

Hiyo ndiyo sababu mtu akinywa dawa ya kuharisha hujisikia mwepesi. Wepesi huo ni wa kweli, ila maelezo anayopewa na muuzaji si ya kweli.

Somo kutoka ng'ambo ya Ziwa

Wakati huku tunauziwa dawa za kusafisha utumbo, dunia ilijifunza mengi kuhusu utumbo wenye afya kwa kuangalia chakula cha vijijini Afrika Mashariki.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko karibu miaka 20. Anajulikana zaidi kwa kuieleza, mwaka 1958, saratani ya taya za watoto ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Lakini kuna jambo jingine lililomshangaza: magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, ikiwemo saratani, yalikuwa adimu kwa wanakijiji wa Uganda.

Yeye na wenzake wakaamua kupima. Watu walimeza vipande vidogo vya plastiki visivyomeng'enywa, kisha kinyesi chao kikakusanywa na kupigwa eksirei ili kuona vimechukua muda gani kutoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa wanakijiji wa Uganda safari ilichukua karibu siku moja na nusu. Kwa Waingereza waliokula mkate mweupe na sukari ilichukua siku tatu au zaidi. Na kinyesi cha wanakijiji kilikuwa na uzito zaidi ya mara tatu ya kile cha Waingereza. Burkitt akasema tofauti kubwa iko kwenye nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuisaga.

Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba nyuzinyuzi si sababu pekee. Nyama nyingi, pombe, sigara, unene na kurithi navyo vina nafasi yake. Lakini hoja kuu imebaki imara. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti ambamo Wamarekani weusi 20 walibadilishana chakula na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipokula chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi, dalili za hatari kwenye utumbo wao mpana zilipungua. Wanakijiji walipokula nyama na mafuta mengi, dalili hizo zilipanda.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama kuna kitu kinachostahili kuitwa kisafisha utumbo, ni ugali wa dona, mtama, uwele, maharage, kunde, mbaazi, matembele, mchicha, kisamvu, michembe na maembe. Tunaviacha kwa kuviona ni chakula cha shida, tunahamia sembe nyeupe, maandazi na soda, choo kikigoma tunakwenda kununua chupa mnadani.

Dawa hizo zinafanya nini mwilini?

Nyingi ni dawa za kuharisha zilizopewa jina jipya. Tuangalie zinazotumika sana.

Sanamaki. Majani haya ni dawa kweli, na vidonge vyake hutumika hospitalini. Huichokoza misuli ya utumbo mpana isukume, na kwa kawaida choo hupatikana baada ya saa 6 hadi 12. Kwa kufunga choo kwa muda mfupi inasaidia. Tatizo ni unga usio na kipimo na kunywa kila wiki kwa miezi.

Chumvi ya haluli. Huvuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo. Ni hatari kwa mwenye matatizo ya figo, kwa sababu madini yake hujikusanya kwenye damu.

Mafuta ya nyonyo. Huleta msokoto mkali wa tumbo na yanaweza kuchochea uchungu kwa mjamzito.

Kupiga bomba, yaani kuingiza maji au dawa kupitia njia ya haja kubwa. Hospitalini hufanyika kwa sababu maalumu na kwa vifaa safi. Ikifanyika nyumbani kwa maji ya moto, sabuni au mizizi, inaweza kuunguza au kutoboa utumbo.

Ukiharisha sana unapoteza maji pamoja na sodiamu na potasiamu. Potasiamu ikishuka mno, misuli inalegea na mapigo ya moyo yanavurugika. Pia dawa nyingine unazomeza zinaweza kupita bila kufanya kazi vizuri, zikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango.

Kwa sababu hizo, usitumie dawa za kuharisha bila ushauri wa mhudumu wa afya kama wewe ni mjamzito, mzee aliyedhoofika, una ugonjwa wa figo au moyo, una kisukari, au unatumia dawa za presha zinazokojosha. Na hazimfai mtoto.

Zaidi ya yote, usinywe dawa ya kuharisha ukiwa na maumivu makali ya tumbo ambayo hujui chanzo chake. Ikiwa ni kidole tumbo, kinaweza kupasuka. Ikiwa ni homa ya matumbo iliyokaa muda, utumbo wenye vidonda unaweza kutoboka. Ikiwa utumbo umejisokota, jambo ambalo madaktari wa upasuaji wa ukanda wetu hukutana nalo, kuulazimisha usukume kunaongeza hatari. Hayo yote yanahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Wengine hunywa dawa hizi wakiamini zinatoa minyoo. Dawa ya minyoo ni kitu kingine, na inapatikana kwa bei nafuu. Sanamaki haiwezi kuchukua nafasi yake.

Choo kigumu: ufanye nini?

Kwanza, ujue kawaida ikoje. Si lazima kupata choo kila siku. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni kawaida, mradi choo ni laini na hujikamui. Ukienda chini ya hapo, au choo kikiwa kikavu na cha kuumiza, anza na haya:

- Ongeza nyuzinyuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Mlo wa dona, maharage na mboga za majani, pamoja na tunda kama papai, embe au chungwa, unakupeleka karibu na hapo. Ongeza taratibu kwa wiki mbili tatu, la sivyo utajaa gesi.

- Dona iwe ya mahindi mazuri. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, inayoharibu ini. Yakaushe vizuri, yachambue, na yenye ukungu usiyasage.

- Kunywa maji ya kutosha, hasa ukishinda shambani juani. Nyuzinyuzi bila maji huziba badala ya kufungua.

- Usijibane. Baada ya kula, hasa asubuhi, utumbo huamka na kusukuma. Huo ndio wakati mzuri wa kwenda. Wanafunzi wengi hujibana kwa sababu choo cha shule hakina mlango au maji, na akina mama hujibana kwa kuogopa giza. Kujibana kila siku kunaufundisha utumbo kunyamaza. Kwa hiyo choo safi chenye faragha ni sehemu ya tiba.

- Chuchumaa. Choo chetu cha shimo kinamweka mtu katika mkao mzuri wa kutoa haja. Anayetumia choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu, magoti yainuke.

- Angalia dawa unazotumia. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito na baadhi ya dawa kali za maumivu hufunga choo. Usiache dawa, mweleze muuguzi akusaidie.

Ukifanya haya kwa wiki mbili au tatu bila nafuu, nenda zahanati. Zipo dawa salama za kulainisha choo zinazotolewa kwa kipimo.

Kuhusu watoto: mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na asiwe mgonjwa, ikiwa ananyonya vizuri, tumbo ni laini na choo kikija ni laini. Usimwekee kipande cha sabuni wala kumpiga bomba. Sabuni inaunguza. Mtoto akitapika, tumbo likivimba au akikataa kunyonya, mpeleke kituoni haraka.

Dalili ambazo si za kununulia dawa mnadani

Hapa ndipo tunaomba usome mara mbili. Nenda kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya:

- damu kwenye choo, nyekundu au choo cheusi kama lami;
- mabadiliko ya choo yasiyoisha kwa wiki kadhaa, mfano kufunga na kuharisha kwa kupokezana, au choo kuwa chembamba kuliko zamani;
- kupungua uzito bila sababu;
- kuishiwa damu, kuchoka na kupumua kwa shida;
- uvimbe tumboni, au kuhisi bado una haja wakati umeshamaliza.

Na nenda haraka, usiku au mchana, ikiwa tumbo limevimba na kuuma sana, unatapika, na hupati choo wala kutoa hewa.

Damu kwenye choo ina sababu nyingi. Inaweza kuwa bawasiri. Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa inaweza kuwa kichocho cha tumbo, ambacho kina dawa yake hospitali. Inaweza pia kuwa saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2020 saratani hiyo ilikadiriwa kuwapata watu zaidi ya milioni 1.9 duniani, ikiwa ya pili kwa kuua miongoni mwa saratani zote. Huwapata zaidi wenye umri mkubwa, lakini hata vijana huugua.

Kwa macho tu, huwezi kutofautisha damu ya bawasiri na damu ya saratani. Muuzaji mwenye spika naye hawezi. Mhudumu wa afya ataanza kwa kukuuliza maswali, kukupima kwa kidole chenye glovu na kupima choo. Ikibidi atakupa rufaa ya kipimo cha kamera. Watu huona aibu kwa kipimo cha kidole. Ni cha dakika moja, na wanaokifanya wamekizoea. Saratani hii ikigundulika mapema, mara nyingi upasuaji huiondoa. Ikigundulika baada ya miezi mingi ya kubadilisha chupa, huenda imeshafika kwenye ini.

Huduma za saratani zipo hospitali ya Bugando hapa Mwanza, KCMC Moshi na taasisi ya Ocean Road Dar es Salaam. Lakini safari huanzia zahanati ya kijiji chako, usisubiri nauli ya mjini.

Ukikutana na muuzaji

Hatusemi tiba asili ni mbaya. Sanamaki yenyewe imetoka kwenye mmea. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, linalosajili waganga na dawa zao. Kabla ya kutoa pesa, uliza: Ndani kuna nini? Imesajiliwa wapi, na namba ya usajili ni ipi? Kipimo ni kiasi gani, kwa siku ngapi? Nani hapaswi kuitumia? Anayejibu kwamba inatibu kila kitu na haina madhara kwa yeyote, mpite.

Pesa ya chupa hiyo inatosha kununua maharage ya familia kwa siku kadhaa na papai juu yake. Na kama una dalili tulizozitaja, iwe nauli ya kwenda kituoni kesho asubuhi. Mjulishe pia mzee wa nyumbani anayeficha damu kwa aibu. Huenda anasubiri mtu wa kumuuliza.